Kizibao cha Bosi

Siku ambayo maneno yote ya nyumba ile yalitakiwa kurekodiwa, bibi aliamka mapema, akavaa gauni lake la kutokea, akaketi sebuleni mbele ya mjukuu wake na kuanza kumweleza mambo yasiyomhusu mtoto wa miaka miwili na nusu: bei ya sukari, tabia za mpangaji wa ghorofa ya juu, na jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akigombewa kabla hajaolewa. Mtoto alimtazama kidogo, kisha akarudi kwenye vibanio vyake vya nguo, ambavyo alikuwa akivipanga sakafuni kimoja baada ya kingine.

"Umemwona mume wangu?" bibi alimwambia mwanawe, aliyekuwa akinywa chai amesimama mlangoni. "Hanijali hata kidogo. Uzee wote huu nimekuja kuolewa na bubu."

"Mama, usiseme hivyo, mashine inasikia. Wewe mwongeleshe tu."

Mashine yenyewe ilikuwa ndogo, haizidi kiberiti, imetiwa katika mfuko ulioshonwa kifuani mwa kizibao cha bluu alichovaa mtoto. Walikuwa wamepewa na mtaalamu wa usemi katika kituo cha utafiti. Mwanamke huyo alieleza kwamba siku hizi wanaochunguza namna watoto wanavyojifunza kusema hawatosheki na kumuuliza mama maswali mezani. Wanataka kuisikia siku yote ya mtoto, nani anamsemesha, kwa kiasi gani, na yeye anajibu nini. Avae kizibao tangu kuamka mpaka kulala, alisema, na watu wa nyumbani waishi kama wanavyoishi, wasijipambe. Kumwambia mtu asijipambe siku ya kupigwa picha ni kupoteza mate bure.

Baba wa mtoto alikuwa kinyozi, na mtaa mzima ulimwita Redio. Alikuwa na sababu ya kustahili jina hilo. Mtu aliweza kuingia dukani kwake kunyoa ndevu tu, akatoka akiwa amesikia habari za mpira, za siasa, za ndoa ya jirani, na za maradhi ambayo hakuwa akijua kwamba anayo. Mtoto wake wa pekee alimpa jina la Bosi tangu siku aliyozaliwa, na kwa hiyo mkewe akawa Mama Bosi, naye Baba Bosi. Bosi wa watu hakuwa ametoa amri hata moja mpaka leo.

Mama Bosi alikuwa pembeni ya sebule, anapiga pasi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: mashati ya watu wa maofisini yalikuja yamefinyangwa ndani ya mifuko, yakaondoka yamenyooka kwenye viango. Alikuwa mtu wa maneno machache, na katika ukoo wa mumewe, ambako watu huongea hata wakiwa usingizini, jambo hilo lilihesabiwa kuwa ugonjwa. Mtoto alipochelewa kusema, ukoo haukuhangaika kutafuta sababu. Sababu walikuwa wakiiona kila siku, imesimama pale inapiga pasi.

"Na wewe Mama Bosi," bibi alisema, "leo jitahidi mwanangu. Tia neno. Watu watasikiliza hii, watasema katika nyumba hii tunafuga mtoto kama samaki."

"Ndiyo, mama," alisema Mama Bosi.

"Basi?"

Mama Bosi alitafuta la kuongeza, hakulipata. Alijua mumewe anamtazama, mkwewe anamtazama, na kile kijifuko cha bluu kinamtazama. Alipitisha pasi juu ya kola ambayo alikuwa ameshaipitisha, na uso ukamchoma kwa aibu kuliko mvuke wa pasi.

Hakuna aliyekuwa amewahi kumsikia akizungumza na mwanawe, kwa sababu alipozungumza naye alichuchumaa, akamshika mashavu, akamwambia maneno yake usoni kwa sauti ndogo. Mazoea hayo aliyapata kwenye pasi. Kuna siku mtoto alinyoosha mkono kuelekea chuma cha moto, mama akapiga kelele "Moto!" na mtoto hakugeuza hata shingo. Mtoto mkaidi, wote walisema. Tangu hapo hakumpigia kelele tena. Aliacha kazi, akamwendea, akamwambia karibu, akangoja mpaka aone kwamba ameelewa. Alidhani kila mama hufanya hivyo.

Kinyozi aliweka kikombe chini. Aliona kwamba kwa hali hii siku itakwisha mashine ikiwa na maneno ya bibi peke yake, na mtaalamu ataandika kwamba mtoto wa Redio ana njaa ya maneno. Jambo hilo likifika mtaani atauweka wapi uso wake?

"Mpe viatu," alimwambia mkewe. "Leo anakwenda kazini na mimi. Kama ni maneno, atashiba."

*

Dukani kulikuwa na viti viwili vya kunyolea, benchi la wanaosubiri, televisheni juu ya kioo na redio chini ya televisheni, vyote vimewashwa. Bosi aliwekwa kwenye kistuli nyuma ya baba yake, akapewa chanuo la kuchezea. Wateja walimshangilia, wakampa mkono, wakamuuliza anatoza bei gani. Halafu wakamsahau.

Kinyozi alinyoa na kusema. Alimaliza kichwa kimoja na habari moja kwa pamoja, akakung'uta nywele, akaanza kichwa kingine na habari nyingine. Karibu na adhuhuri alikaa kitini muuza nyama, mteja wake wa siku nyingi, akamtazama mtoto kupitia kioo.

"Kijana ameanza kusema?"

"Wapi! Mtazame." Kinyozi hakugeuka, aliendelea kupitisha mashine ya kunyolea kisogoni. "Bosi! We Bosi! Bosi, msalimie mjomba!"

Mtoto, nyuma yake, alikuwa akigusa meno ya chanuo kwa kidole, moja moja.

"Unaona? Mkaidi kama mama yake. Ndugu yangu, mimi nimeoa ukuta. Ukuta mzuri, siukatai, umenyooka, umepakwa rangi. Lakini nenda kaongee na ukuta uone kama utakujibu."

Benchi zima lilicheka. Kinyozi alicheka nao, akaona ni vizuri awamalizie.

"Lakini nimeshalipatia dawa. Dada yangu anakuja Jumamosi kumchukua. Kwake kuna watoto wengi mpaka hajui nani wa kwake na nani wa jirani. Kelele kutwa kucha. Kule hata jiwe litasema."

"Atakaa muda gani?"

"Mpaka aseme. Na akishazoea, shule ataanzia hukohuko."

Muuza nyama aliacha kucheka. "Na mama yake kakubali?"

"Ataambiwa siku hiyohiyo, begi likiwa mlangoni. Mwanamke ukimwambia mapema unajinunulia wiki nzima ya machozi."

Muuza nyama alifungua mdomo, akakumbuka kwamba wembe uko karibu na sikio lake, akaufunga. Mtu mmoja kwenye benchi alijinyoosha na kuangusha kiti cha chuma. Bosi aliruka mahali alipo, akaangaza huku na huku kwa hofu.

"Kumbe masikio anayo!" alisema kinyozi, na duka likacheka tena.

*

Jioni ile Mama Bosi alimpokea mtoto mlangoni, akamlisha, akampeleka chumbani. Kinyozi alikuja baadaye kukichukua kizibao. Mtoto alikuwa amelala, na kifuani mwake, kupitia kitambaa cha bluu, kilionekana kitaa chekundu kinachowaka.

Mtu anayesema kutwa nzima hana kumbukumbu ya alichosema. Kinyozi alisimama pale na kizibao mkononi, na maneno yake ya adhuhuri yakaanza kumrudia moja moja: ukuta, dawa, Jumamosi, begi mlangoni. Alibonyeza kila mahali penye kubonyezeka, na kitaa kikaendelea kumtazama.

Asubuhi alifunga duka, jambo ambalo hakulifanya hata alipoumwa, akakipeleka kizibao mwenyewe. Mtaalamu wa usemi alimpokea ofisini, chumba chenye meza, kompyuta na midoli iliyopangwa rafu ya chini ili watoto waifikie.

"Dada yangu," kinyozi alisema, akitabasamu lile tabasamu la dukani, "kuna kasoro ndogo. Jana mtoto alikuwa kazini kwangu. Unajua wanaume wakikutana, midomo haina breki. Futa tu hiyo, tutarekodi nyingine siku ya utulivu."

"Kufuta kunawezekana," alisema mtaalamu. "Ila aliyekubali mtoto arekodiwe ni mama yake. Yeye ndiye anayeweza kuniambia nifute."

"Mimi ndiye baba!"

"Najua, baba. Siku ile tulikuomba uje, ukasema una wateja. Mama alikuja peke yake, kwa hiyo ruhusa ni yake. Nikifuta bila yeye kusema, nitakuwa nimemkosea."

Kinyozi alijaribu mzaha. Alimwambia kwamba mtu mwenye nywele nzuri kama zake hapaswi kuwa mgumu hivyo. Mtaalamu hakucheka. Hakukasirika pia, alimtazama tu kwa upole akingoja amalize, na kwa kinyozi hilo lilikuwa baya kuliko tusi.

"Njooni wote Jumamosi asubuhi," alisema. "Nitakuwa nimesikiliza sehemu. Mama akitaka nifute, nitafuta mbele yenu."

*

Ijumaa usiku kinyozi alifanya jambo lililomshtua mkewe. Alikaa karibu na meza ya pasi, akachukua shati, akaanza kulikunja.

"Hilo linatundikwa, Baba Bosi. Halikunjwi."

"Ah. Samahani." Akalitundika upande upande. "Nilikuwa nawaza hii habari ya mashine. Mimi naona uwaambie wafute."

Mama Bosi aliisimamisha pasi. "Kwa nini?"

"Wateja wangu. Walitukana sana siku ile. Matusi ya nguoni, mke wangu, hata siwezi kuyarudia. Na wewe ndiye uliyetajwa kuwa mwenye idhini. Wakisambaza? Ni aibu kwako."

"Watatuambia nini kuhusu Bosi kama wamefuta?"

"Bosi hana kitu! Atasema tu. Hata baba yangu mdogo alichelewa, leo nani anaweza kumnyamazisha?"

Mama Bosi alilitazama shati lililotundikwa vibaya. Mume wake hakuwa amemwita "mke wangu" kwa muda mrefu, na hakuwa amewahi kugusa shati la mteja. Kuna kitu, alijua. Lakini na yeye alikuwa na chake. Tangu kizibao kirudishwe kituoni hakulala vizuri. Aliona kama anaisikia ile mashine ikimsubiri aseme pale sebuleni, na yeye amekaa kimya kama mwizi. Wataalamu wangeusikiliza ule ukimya wake na kutoa hukumu ambayo ukoo ulishaitoa. Kama ingewezekana kuuzika, basi uzikwe.

"Nitawaambia wafute," alisema.

Kinyozi alishusha pumzi. Alitundika shati jingine, na hilo nalo vibaya.

*

Jumamosi walikwenda watatu. Mama Bosi alimbeba mtoto, kinyozi alitangulia, akafungua milango, akasalimia watu ambao hawakumjua. Mtaalamu aliwaketisha, akampa Bosi gari la mbao, akawasha kompyuta.

"Mama Bosi, baba aliniambia mnataka nifute. Ni kweli?"

"Ndiyo," alisema kinyozi.

"Namuuliza mama."

"Ndiyo," alisema Mama Bosi, akiangalia sakafu. "Futa tu, dada."

"Sawa. Ni haki yako, wala huhitaji kunipa sababu." Mtaalamu aliweka mkono kwenye kompyuta, kisha akauondoa. "Ombi moja tu. Kabla sijafuta, ningependa usikilize sauti ya mtoto wako, kidogo tu. Ukikataa, nafuta sasa hivi."

"Tunakataa," alisema kinyozi.

Mama Bosi aliinua uso. "Bosi ana sauti humo?"

"Anayo."

"Nataka kuisikia."

Kinyozi aligeuka kumtazama mkewe. Hakuwa amezoea kusikia neno "nataka" likitoka upande ule.

Chumba kilijaa ukimya wa alfajiri, kisha sauti ya mwanamke, ya chini, ya karibu mno, kana kwamba imo ndani ya kizibao chenyewe. *Mkono. Leta mkono. Mkono uko wapi?* Kimya. *Ooo*, mtoto akasema. *Huo hapo! Na mwenzake je?* Kimya. *Ooo-a. Ahaa, na mwenzake huyo. Sasa kichwa.* Kimya. Kicheko cha mtoto. Mama Bosi alijifunika mdomo kwa kiganja. Hakujua kwamba ndivyo anavyosikika.

"Siku nzima," mtaalamu alisema, "hapa ndipo mtoto alipojibu zaidi kuliko kwingine kote. Hapa, na jioni ulipokuwa ukimlaza. Zamani hata sisi tulishughulika sana na wingi wa maneno. Miaka hii tunaangalia zaidi kupokezana. Wewe unasema kidogo, unanyamaza, unamngoja. Yeye anachukua zamu yake. Hujasoma popote, lakini hivyo ndivyo tunavyowafundisha wazazi wengine."

"Mimi?" alisema Mama Bosi.

"Wewe. Sasa kinachonisumbua ni dukani. Kule maneno ni mafuriko, na mtoto hakutoa sauti kabisa. Kuna mahali anaitwa jina lake, anaitwa tena, hajibu. Kisha kitu kinaanguka na anashtuka. Nataka uisikie hiyo, kwa sababu nina shaka na masikio yake."

"Dada," kinyozi alisimama, "ya dukani haina haja. Mama Bosi, tuondoke, mtoto amechoka."

Bosi alikuwa akiendesha gari la mbao kwa raha zake.

"Nisikilizishe," Mama Bosi alisema.

Mashine ya kunyolea ilinguruma, televisheni ikapiga kelele, na juu ya yote ikapaa sauti ya Redio: *Bosi! We Bosi! Bosi, msalimie mjomba!* Mtaalamu alinyoosha mkono kusimamisha, lakini sauti ilishapita mbele. *Unaona? Mkaidi kama mama yake. Ndugu yangu, mimi nimeoa ukuta.* Mkono wa mtaalamu ulikuwa juu ya kitufe. Mpaka leo haijulikani kama alichelewa au alijichelewesha.

"Acha," alisema Mama Bosi. "Usizime."

Walisikiliza watatu, wakiwa wameketi wawili na mmoja amesimama, vicheko vya benchi zima, dawa iliyopatikana, dada anayekuja, shule ya hukohuko. *Na mama yake kakubali? Ataambiwa siku hiyohiyo, begi likiwa mlangoni.* Kiti cha chuma kilianguka, kizibao kikachakarika mtoto aliporuka, wanaume wakacheka. Hapo ndipo mtaalamu alipozima.

Mama Bosi hakulia. Alikuwa akihesabu kitu kichwani.

"Leo ndiyo Jumamosi," alisema.

Kinyozi alianza kusema. Alisema ni maneno ya dukani tu, kila mtu anajua maneno ya dukani, alisema ni mawazo ya mama yake, alisema alikuwa na nia ya kumshirikisha. Mkewe alimwacha aseme. Alipoishiwa pumzi, alimgeukia mtaalamu.

"Masikio yanapimwa wapi?"

"Hapahapa. Chumba cha pili."

"Tupime sasa."

Kinyozi hakuingia nao. Alibaki kwenye korido, akampigia dada yake simu ili amwambie asije. Simu iliita sana kabla haijapokelewa.

"Nimeshafika, kaka yangu!" dada alipiga kelele kwa furaha. "Mama anapanga nguo za mtoto saa hizi. Mko wapi? Gari la kurudi linaondoka saa nane."

Ndani ya chumba cha pili, chenye kuta zilizofunikwa ili kelele isipenye, Bosi alipakatwa na mama yake akachezewa sauti kutoka pembe hii na pembe ile, nyembamba na nzito, ndogo na kubwa. Kwa zile nzito na kubwa aligeuka. Kwa nyingi nyingine hakugeuka. Mtaalamu alirudia mara ya pili, kisha akavuta kiti.

"Anasikia kishindo," alisema. "Mlango ukibamizwa, kiti kikianguka, ngoma ya redio. Ndiyo maana mlidhani anasikia. Lakini maneno ya mtu aliye mbali naye kidogo hayamfikii vizuri, na penye kelele ndiyo hayamfikii kabisa. Atahitaji vifaa vya kuvaa masikioni, na aje hapa kila wiki tumfundishe kuvitumia. Tukianza sasa, kuna matumaini makubwa."

"Na mpaka sasa alikuwa anasikia nini?"

"Kinachosemwa karibu na uso wake."

Ni mtu mmoja tu duniani aliyesema karibu na uso wake. Hapo ndipo Mama Bosi alipolia, kwa sauti, mbele ya mtu baki, bila kujali. Katika nyumba yenye watoto wengi na kelele kutwa kucha, mwanawe angekaa kimya kabisa, na watu wangemwita mkaidi mpaka akue.

*

Sebuleni, begi kubwa la kijani lilikuwa limesimama mlangoni. Wifi yake Mama Bosi, mwanamke mnene mwenye uso wa bashasha, alikuwa kwenye kochi anakula embe. Bibi alikuwa akilazimisha koti la mtoto liingie pembeni mwa begi.

"Jamani mmechelewa!" alisema bibi. "Saa nane hiyo inakimbia. Mama Bosi, mwanangu, kaa kidogo, kuna jambo tunataka tukwambie..."

"Nimeshaambiwa, mama."

Bibi alimtazama mwanawe. Mwanawe alitazama viatu vyake.

Mama Bosi alimshusha mtoto sakafuni kwenye vibanio vyake, akamgeuza awape wote mgongo. Kisha akasimama kando, akaifuta mikono kwenye sketi.

"Mama, mwite mume wako."

"Nimwite nini?"

"Mwite tu, hapo ulipo. Usipige makofi."

"Mume wangu!" bibi aliita. "Mume wangu, njoo kwa mkeo!" Mtoto alibana kibanio kimoja juu ya kingine. "We Bosi!"

"Wifi, na wewe mwite."

Wifi aliweka embe chini. Aliita kwa ile sauti ya mama wa watoto wengi, iliyozoea kuvuka ua na kurudi. Mtoto hakugeuka. Aliita tena, na safari hii bashasha ilimtoka usoni kabla hajamaliza jina.

"Baba Bosi."

Kinyozi alijua jibu, lakini aliita. Aliita kwa sauti ambayo mtaa mzima uliijua, kwanza kawaida, kisha kwa nguvu, kisha kwa namna ya mtu anayeomba. Mtoto alichukua kibanio chekundu, akakigeuzageuza, akakiweka mahali pake.

"Toba yangu," alisema bibi, akaketi juu ya begi. "Hasikii? Miaka yote hii namsema mtoto, kumbe hasikii?"

"Anasikia kwa shida. Akisemeshwa uso kwa uso anasikia. Atapewa vifaa, na kila wiki anatakiwa kituoni." Mama Bosi alivuta pumzi. Hakuwa amewahi kusema maneno mengi hivyo katika sebule ile, na alihofia kwamba akinyamaza hayatarudi. "Mama, sikugombezi. Wifi, najua umekuja kwa wema. Nina neno na mmoja tu hapa."

Alimgeukia mumewe.

"Muuza nyama alijua. Benchi zima lilijua. Mama alijua, wifi alijua. Mimi nimesikia leo kwenye mashine, mbele ya mtu nisiyemjua jina. Amebaki mmoja katika nyumba hii ambaye hajaambiwa. Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba anaondoka. Piga magoti pale mbele yake, sogea mpaka auone mdomo wako, useme polepole: Bosi, nakutoa kwa mama yako. Ukiweza kumwambia, nitalibeba begi mwenyewe mpaka kwenye gari."

Hakuna aliyemsaidia. Kinyozi alivuka sebule, akapiga magoti juu ya vibanio, akainamisha uso mpaka ukawa karibu na uso wa mwanawe. Mtoto aliacha kucheza. Uso ule hakuuzoea kwa umbali huo. Aliuchunguza, ndevu, pua, jicho na jicho, kisha akatulia kwenye mdomo na kuungoja.

"Bosi," alisema kinyozi.

"Ooo," alisema mtoto.

Alimjibu. Akakaa kimya, macho kwenye mdomo wa baba yake, kwa sababu zamu sasa haikuwa yake. Kinyozi alifungua mdomo, akaufunga. Aliufungua tena. Mtoto aliendelea kungoja kwa subira aliyofundishwa, na Redio, mbele ya mama yake, dada yake na mkewe, hakuwa na neno. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye ndevu, na mtoto akayafuata kwa macho, anashangaa.

Dada mtu ndiye aliyesimama kwanza. Alijifuta vidole vyenye embe, akamshika bibi mkono na kumwinua.

"Mama, nitolee nguo za mtoto humo," alisema. "Begi ni langu, na gari linaniacha."